Wafuasi elfu 20, ni wako au umeazimwa?

Leo tuweke pembeni mambo ya picha nzuri na saa nzuri ya kuposti. Tuongee kitu ambacho wengi tunakikwepa mpaka siku kinapotuuma: kwenye biashara yako ya mtandaoni, mali yako hasa ni ipi?

Chukua mfano wa dada anayeuza madera na vitenge Instagram, ana wafuasi elfu 20. Sasa peji ile iondoke leo usiku. Labda imedukuliwa, labda imeripotiwa ikafungwa, labda kijana aliyekuwa anamsaidia kuposti kabadilisha nywila kaondoka nayo. Kesho asubuhi dada anabaki na nini? Mzigo ulioko ndani na namba chache alizosevu "Mteja Dera Jekundu". Wateja bado wapo na pesa wanazo, ila yeye hana njia ya kuwafikia. Wao wakimtafuta kwa jina lile, anayejibu inboksi ni mtu mwingine, na ndiye anayewatumia namba ya kulipia.

Watu wakisikia habari za umiliki mtandaoni, wanakimbilia kulalamika kwamba Instagram inachukua picha zao. Masharti yake yanasema picha zinabaki zako, ila unawapa ruhusa ya kuzitumia dunia nzima bila kukulipa, na wanaweza kuipitisha ruhusa hiyo kwa wengine. Sawa, si kidogo. Lakini kwa muuzaji mdogo mimi naona penye kidonda ni kwingine, kwenye kile ambacho hukukiposti. Nani aliangalia dera lako mara tatu bila kununua? Nani alisimama kwenye picha ipi, saa ngapi? Hiyo data wanayo wao. Wewe unaonyeshwa kipande tu: idadi, miji, umri. Ukitaka kuwa na uhakika tangazo lako limewafikia watu wale wale waliokufuata wenyewe, unalipia. Ni sawa na kupanga fremu Kariakoo halafu mwenye fremu ndiye anashika daftari la wateja wako.

Na daftari hilo lina thamani kweli. Amazon ni soko na ni muuzaji pia humo humo ndani. Mwaka 2020 Tume ya Ulaya iliituhumu kwamba inatumia data za wauzaji wa nje, zile zisizoonekana hadharani, kuisaidia biashara yake yenyewe inayoshindana nao. Desemba 2022 kesi iliisha kwa Amazon kuahidi kwamba haitazitumia tena kwa namna hiyo, na Tume ikaifanya ahadi hiyo iwe ya lazima kisheria. Wale walikuwa na Tume ya kuwasemea. Wewe wa Mbagala jiulize nani atakusemea.

Soko lenyewe nalo linaweza kuondoka. Novemba 2019 Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania. Ambaye wateja wake walikuwa ndani ya Jumia tu, alianza moja. Na Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima zote kwa pamoja kwa takriban saa 6, kwa sababu zote tatu ni za kampuni moja. Kwa hiyo ukisema "nina Instagram na WhatsApp, moja ikifa nina nyingine", bado mayai yako kwenye kapu moja.

Sasa tufanyeje? Hatuhami, wateja wako huko. Ila anza kushika daftari lako mwenyewe. Kila anayenunua, andika jina lake, namba, alichonunua, saizi, tarehe na eneo alilopelekewa mzigo. Daftari la karatasi linatosha, au jedwali kwenye simu ambalo unatunza nakala yake mahali pengine. Angalia sana ni simu ya nani. Namba zilizosevu kwenye simu ya dogo anayejibu wateja ni za dogo. Akifungua duka lake mwezi ujao, anaanza na wateja wako.

Hapa kuna upande wa pili ambao wauzaji hawapendi kuusikia. Ukishashika daftari, na wewe umekuwa kama hao wakubwa: una taarifa za watu. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume. Haisemi kwamba wewe ni mdogo hivyo haikuhusu. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga faini ya shilingi milioni 1.85 za Kenya sehemu moja ya starehe Nairobi kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Kosa lenyewe ni picha tu. Sasa fikiria zile "mteja wetu kapendeza" unazorusha kila Ijumaa, na skrinshoti za malipo zenye jina na namba ya mtu, unazoposti kuonyesha kwamba wewe si tapeli. Ficha namba. Omba ruhusa kwa maandishi, hata ya meseji fupi: "Dada, naomba kuposti picha yako ukiwa na gauni letu, unaruhusu?" Akijibu ndiyo, tunza jibu hilo. Akikataa, muda wowote, futa. Na kuuza au kugawa orodha ya namba za wateja kwa muuzaji mwenzako, achana nako kabisa.

Jina nalo. Wengi wakishasajili jina la biashara BRELA wanadhani limelindwa. Jina la biashara ni kitu kimoja, alama ya biashara ni kingine, na ya pili ndiyo inayokupa nguvu ya kumzuia mwingine asiuze bidhaa za aina hiyo kwa jina lako au linalofanana nalo. Usajili wa alama Tanzania Bara unadumu miaka 7 ya mwanzo, kisha unahuisha kila miaka 10. Zanzibar wana ofisi yao, BPRA, kwa hiyo usajili wa Bara hauvuki bahari. Kenya ni KIPI. Ukija kulalamika Instagram kwamba mtu anatumia jina lako, fomu yao ya alama ya biashara itakuuliza imesajiliwa wapi na kwa namba gani.

Picha ulizopiga mwenyewe ni zako tangu ulipobonyeza, bila kusajili popote. Tunza faili halisi, lile la simu, si lililotoka WhatsApp. Picha ulizookota kwa msambazaji wa Guangzhou si zako, kwa hiyo jirani akizichukua huna pa kushika.

Ukimaliza kusoma, fungua mipangilio ya peji yako uangalie vitu viwili: barua pepe na namba ya simu. Ni za nani? Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Kama ni ya yule aliyekufungulia akaunti mwaka juzi, ibadilishe leo wakati bado mnasalimiana. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, na zile namba za akiba unazopewa uziandike kwenye karatasi, zikae nyumbani.