Elimu ya Wafanyakazi: Muuguzi Hukomaa Hatua kwa Hatua



Katika vikao vya matawi swali hili halikosekani: mtu aliyefanya kazi miaka ishirini, na kijana aliyetoka chuoni juzi akiwa na karatasi kubwa kuliko yake, fundi ni nani? Leo tulitazame kwa kupitia kazi ya uuguzi. Nimechagua wauguzi kwa sababu sisi sote tumepita mikononi mwao, na kwa sababu yaliyotokea hapa kwetu Kasese mwaka 2019 yanafundisha kuliko maneno yangu.

Mwezi wa Juni mwaka huo familia moja ilitoka Kongo ikavuka mpaka wa Bwera, ikiwa na mtoto mgonjwa wa miaka mitano. Wakaenda kutafuta matibabu Hospitali ya Kagando. Ninyi mnajua homa kwetu ni kitu cha kila siku, na jambo la kwanza mtu hudhani ni malaria. Lakini wahudumu wa Kagando walimwangalia yule mtoto wakashuku Ebola. Wakampeleka Hospitali ya Bwera, na tarehe 11 Juni ikatangazwa kuwa ndiyo yenyewe. Mtoto akafariki, na bibi yake na mdogo wake nao wakafariki. Hata hivyo ugonjwa ule haukuenea Uganda kutoka kwa familia hiyo.

Haikuwa bahati tu. Kabla ya siku ile, wahudumu wa afya karibu 4,700 katika vituo 165 walikuwa wamekwisha kuchanjwa, na watu walikuwa wamefundishwa dalili za kutazama. Basi tujiulize: jicho lile la kushuku hutoka wapi?

Muuguzi mmoja wa Marekani, Patricia Benner, alitoa kitabu juu ya jambo hili mwaka 1984. Alianzia kwenye mafundisho ya ndugu wawili, Hubert na Stuart Dreyfus, waliokuwa wamechunguza marubani wa ndege na wachezaji wa sataranji. Yeye akakaa na wauguzi, akawasikiliza wakisimulia kazi zao, akaona kwamba mtu hupita hatua tano. Anayeanza hushika kanuni: pima joto, pima mapigo, andika. Usimlaumu, hana kingine cha kushika. Wa pili ameanza kutambua mambo yanayojirudia. Wa tatu, baada ya miaka miwili au mitatu katika kazi ile ile, anaweza kupanga siku yake na kujua lipi lianze na lipi lingoje. Wa nne hamtazami mgonjwa kipande kipande, humwona mzima. Wa tano ni bingwa. Huyu hupita kando ya kitanda akasema, "Mwiteni daktari," na ukimwuliza kwa nini, pengine hana maneno ya kukueleza mara moja.

Jambo hili halimhusu muuguzi peke yake. Mchimba madini mzoefu hugonga mwamba wa juu kwa chuma, akasikiliza mlio, akajua kama utaanguka. Mwenye pamba huishika mkononi akajua kama imekauka. Lakini kwa sababu bingwa hawezi kuyaeleza yote, mwajiri huona kama hafanyi kitu, mpaka siku atakapoondoka.

Kuna neno jingine la Benner ambalo sisi wa chama tulishike sana. Bingwa akihamishiwa kazi asiyoijua hurudi kuwa mwanafunzi. Mkunga wa miaka mingi akipelekwa wodi ya upasuaji ataanza tena na kanuni. Hata mbele ya Ebola muuguzi mkongwe hufuata utaratibu wa kuvaa na kuvua nguo za kinga hatua moja moja, na mwenzake akimtazama asikosee. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kwa anayemhamisha mtu Jumatatu bila kumfundisha, halafu Ijumaa akamwandikia barua ya onyo.

Sasa tugeukie umri. Erik Erikson, mtaalamu aliyezaliwa Ujerumani akahamia Marekani, aliandika mwaka 1950 kwamba binadamu hukua katika hatua nane, tangu utoto mpaka uzee. Hatua ya saba ni ya sisi watu wazima. Hapo mtu hutaka kulea, kufundisha, kuacha kitu kwa wanaokuja. Akinyimwa nafasi hiyo hudumaa, akaanza kuhesabu siku tu. (Erikson mwenyewe hakuwa na digrii ya chuo kikuu, lakini alifundisha Harvard. Nalitaja kwa faida ya sisi tulioishia shule ya msingi.) Sisemi kila mtu hupita njia hiyo hiyo, Erikson hakuishi na wakulima wa Bwera, na kwetu mtoto wa miaka kumi huweza kuwa amekwisha kulea wadogo zake. Lakini hatua ya saba nimeiona kwa macho yangu. Nililazwa mahali fulani, ambapo muuguzi mwenye cheti, mama wa makamo, ndiye aliyewaonyesha vijana wenye diploma namna ya kupata mshipa wa mtoto mchanga. Mshahara wake ulikuwa chini ya wao wote. Ruhusa ya kwenda kusoma aliomba mara tatu.

Tusimgeuze yule kijana kuwa adui. Karatasi yake ina kazi: Ebola haigunduliwi kwa uzoefu wa malaria peke yake, na bila mafunzo jicho la Kagando lingepitwa. Tunachodai ni kwamba mkataba uhesabu vyote viwili. Uwe na likizo ya masomo yenye mshahara, muda wa kujifunza kwa anayehamishwa, na malipo kwa anayefundisha wengine, maana kufundisha ni kazi.

Kwa kikao kijacho, kila idara ijadili: ni nani hapa kwetu ambaye asipokuja wiki moja kazi husimama? Analipwa daraja gani? Amemfundisha nani, na alilipwa nini kwa kufundisha? Katibu wa tawi aandike majibu na kuyaleta kabla hatujakaa mezani na mwajiri.