Kaka Yako Amejitoa Kwenye Grupu la Ukoo

Wadogo zangu, leo nazungumza na ninyi wenye kaka na dada ughaibuni, hasa mdogo wangu mmoja wa Muleba aliyeniandikia kwa uchungu. Kaka yake yuko Sweden miaka mingi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 aliandika maneno makali kwenye grupu la ukoo. Baba mdogo, ambaye ni balozi wa shina, akamjibu: "Wewe kaa na baridi yako huko, ya huku tuachie wenyewe." Kaka mtu akajitoa, na tangu hapo hapokei simu ya mtu ila ya mama. Mdogo wangu ananiuliza: "Dada, nimwombe radhi ya nini, na mimi sikuandika hata neno moja?"

Ndipo penyewe hapo, mpenzi. Hukuandika hata neno moja.

Hebu turudi wiki ile. Jumatano ya kura intaneti ilizimwa nchi nzima. Kwenu Muleba, kwa maelezo yako, kulikuwa shwari. Aliyetaka kupiga kura alipiga, ndizi zikamenywa, mkasikiliza redio, na ya machafuko ya Dar es Salaam na Mwanza mkayapata kwa minong'ono. Jumamosi, tarehe 1 Novemba, Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba Rais Samia Suluhu Hassan ameshinda kwa asilimia 97.66. Jumatatu akaapishwa Dodoma, na intaneti ikaanza kurudi kidogo kidogo.

Kaka yako naye wiki hiyo hiyo aliipitishaje? Vituo vya habari vya nje vilikuwa vinamwonyesha vijana barabarani, moshi, magari ya jeshi, watu wamelala chini. Anamwandikia mama WhatsApp, tiki moja. Anakuandikia wewe, tiki moja. Jumatano tiki moja, Ijumaa tiki moja, Jumapili bado ni ile ile. Anaingia kazini nayo, analala nayo. Mtu anayelala nyumba moja na mama yake hawezi kujua tiki moja inavyotesa.

Mnakumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani hapa Bukoba na watu 19 wakapoteza maisha? Picha ya ule mkia uliochomoza majini ilifika Ulaya asubuhi ile ile. Walio nje walilia, lakini walipiga simu nyumbani, Hamugembe na Kashai, zikapokelewa, wakajua nani yuko salama na nani wa kuombewa. Safari hii picha zilifika, sauti ya mtu wa nyumbani haikufika. Kwa hiyo intaneti iliporudi, yeye alikuwa anangoja mtu mmoja tu amwambie, "Kaka, tuko wazima, na wewe ulikuwaje?" Akakuta pongezi za uchaguzi, sala za asubuhi na picha za senene. Waitu, lazima zilimuuma.

Na hakuwa anaota. Mwenyekiti wa CHADEMA, Tundu Lissu, alikuwa gerezani kwa kesi ya uhaini tangu Aprili, na chama chake hakikuwamo kwenye karatasi ya kura. Waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi ule haukufuata kanuni za Umoja huo. Unaweza kubishana na kaka yako kuhusu mengine, lakini usimwambie amedanganywa na mitandao ya Wazungu.

Kuna jingine watu wa nyumbani hatulifikirii. Mkenya aliyeko Dar es Salaam au London alipiga kura ya urais wa kwao mwaka 2022 palepale alipo. Mtanzania wa nje hana kituo. Na akichukua uraia wa huko anakoishi, wa Tanzania anaupoteza. Amebaki na mdomo tu, na mdomo wenyewe ndio baba mdogo aliomwambia aufunge.

Sasa fanya hivi. Usimwombe radhi kwa niaba ya baba mdogo, ana kinywa chake. Wewe mtumie kaka yako ujumbe wa sauti, usiandike, maana maandishi hayana sura. Msimulie wiki yako siku baada ya siku: mlikuwa wapi, mlisikia nini, mama aliuliza nini. Kisha umwombe asimulie ya kwake, na akisimulia usimkatize.

Na wewe kaka, najua utasomewa hapa, nisikilize kama dada yako. Ukimya wa mdogo wako haukuwa unafiki. Intaneti iliporudi, watu walipokea ujumbe wa polisi kwenye simu zao, ukiwaonya kwamba kusambaza picha za kuzua taharuki au kudhalilisha utu ni kosa la jinai. Wewe ukiandika kwa hasira, unafunga simu na kwenda kulala. Yeye akiandika hivyo hivyo, kesho anakutana na balozi njiani. Usimlazimishe aseme kwenye simu yale ambayo wewe unayasema ukiwa salama. Mama naye usimtumie video za maiti. Ana presha, na hawezi kuzifuta machoni.

Tena nimesikia umesema ada ya mtoto wa dada yako hutaituma mpaka ukoo ukiri. Hapo sikuungi mkono hata kidogo. Mtoto yule hakuhesabu kura ya mtu. Tuma ada, halafu endelea kudai ukweli kwa sauti yote uliyonayo, maana nchi hii ni yako pia.

Desemba watu wanarudi kwao. Kama kaka atakuja, mdogo wangu, kampokee wewe mwenyewe uwanja wa ndege wa Bukoba, msipande gari moja na kundi zima. Kutoka pale, kupita Kemondo na Muhutwe mpaka Muleba, mna muda wa kutosha kusema yale ambayo hayakuandikika. Na baba mdogo aambiwe wiki moja kabla kwamba kaka anakuja, na kwamba safari hii atamsikiliza mpaka amalize.