SOMO: SAMPULI NGAPI ZINATOSHA KATIKA USHIRIKA WA WASHONAJI?

Sampuli ni nguo inayotangulia biashara. Hushonwa ili mnunuzi aione, aishike na aipime kabla ya kutoa oda. Chama cha washonaji kisicho na sampuli huuza maneno matupu. Hata hivyo, kila sampuli ni fedha ya wanachama iliyogeuzwa kuwa nguo, na fedha hiyo hairudi mpaka nguo nyingine ziuzwe. Kwa sababu hiyo idadi ya sampuli ni jambo la kuamuliwa na Bodi, wala haifai kuachiwa bidii ya mafundi peke yao.

Mfano wa hasara

Na uchukuliwe mfano wa chama chenye mtaji wa mzunguko wa shilingi 1,200,000. Gauni moja la kitenge hugharimu shilingi 30,000: kitambaa, bitana, zipu na uzi shilingi 20,000, na ujira wa fundi shilingi 10,000. Mafundi walibuni mitindo 8, na kila mtindo ukashonwa kwa rangi 3. Zikapatikana sampuli 24, zilizogharimu shilingi 720,000. Katika akaunti zikasalia shilingi 480,000.

Mwenye duka mmoja alipendezwa na mitindo 2 tu, akaagiza magauni 40. Vifaa vya oda hiyo vilihitaji shilingi 800,000. Chama kikapungukiwa shilingi 320,000. Chama hakiruhusiwi kukopa kupita ukomo wa madeni ulioidhinishwa, na wakati Bodi ikishughulikia mkopo, siku za msimu zikapita. Mwenye duka akaenda kwingine. Ghalani yakabaki magauni 18 ya mitindo ambayo hakuna aliyeiagiza, na wanachama wakauliza fedha zao zimekwenda wapi.

Kazi za sampuli

Kabla ya kuhesabu, Katibu na aulize kila nguo itafanya kazi gani. Kazi zenyewe ni tatu:

(a) Kujaribu mtindo. Mtindo mpya hukatwa kwanza kwa marikani au kitambaa kingine cha bei ndogo. Makosa ya shingo, mikono na kiuno husahihishwa hapo, na karatasi ya kukatia hurekebishwa. Nguo moja kwa kila mtindo yatosha.

(b) Kuuza. Sampuli hii hushonwa kwa kitambaa halisi na kwa ufundi uleule utakaotumika katika oda. Idadi yake hutegemea ni mahali pangapi mtindo utaonyeshwa kwa wakati mmoja.

(c) Kulinda mapatano. Mnunuzi akikubali, sampuli moja kati ya zile za kuuza huwekewa kibandiko chenye tarehe na sahihi za pande mbili, kisha huhifadhiwa ofisini. Ukitokea ubishi juu ya upindo au vifungo, nguo hiyo ndiyo shahidi.

Rangi, saizi na kitambaa

Haifai kushona nguo nzima kwa kila rangi. Vipande vya vitambaa vikibandikwa kwenye kadi ngumu humwonyesha mnunuzi rangi zote kwa gharama ndogo. Kwa nguo za watu wazima saizi ya kati hutosha. Sare za shule ni tofauti, kwa kuwa mtoto wa darasa la kwanza na wa darasa la saba hawalingani. Hapo hufaa kushona saizi tatu: ndogo, ya kati na kubwa.

Tena maua ya vitenge hubadilika upesi madukani. Kabla ya kukata, muuza vitambaa aulizwe kama kitenge hichohicho kitapatikana cha kutosha oda nzima. Sampuli isiyoweza kurudiwa ni ahadi isiyotimizika.

Namna ya kupiga hesabu

Bodi na ianze na fedha inayopaswa kubaki, kisha ndipo ifikirie mitindo. Chama kile kingetenga shilingi 800,000 za vifaa vya oda ya magauni 40. Zingesalia shilingi 400,000, na huo ungekuwa mpaka wa sampuli. Kati ya michoro 8, wangechagua mitindo 4. Sampuli 4 za marikani kwa shilingi 15,000 kila moja ni shilingi 60,000. Mahali pa kuonyesha ni pawili, yaani duka la chama na mkononi mwa mwanachama anayezunguka kutafuta wanunuzi; basi mitindo 4 mara 2 ni sampuli 8, kwa shilingi 240,000. Jumla ni shilingi 300,000. Katika akaunti zingebaki shilingi 900,000, na oda ingeshonwa.

Hesabu ikivuka mpaka, mitindo ipunguzwe. Malipo ya awali ya mnunuzi ni msaada mzuri, lakini yasihesabiwe kabla hayajapokelewa.

Gharama ya sampuli huingizwa pia katika bei. Shilingi 300,000 zikigawanywa kwa magauni 40, kila gauni hubeba shilingi 7,500. Zile shilingi 720,000 zingelitwisha kila gauni shilingi 18,000, na bei hiyo ingemkimbiza mnunuzi.

Daftari la sampuli

Kila sampuli ipewe namba na iandikwe tarehe, gharama, jina la aliyeichukua, sahihi yake na siku ya kuirudisha. Msimu ukiisha, iuzwe kwa bei iliyowekwa na Bodi na kwa stakabadhi. Mjumbe yeyote asiichukue kama zawadi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadiliana

1. Chama chenu kina sampuli ngapi sasa, na kila moja iko mikononi mwa nani?
2. Oda kubwa ikija wiki hii, fedha za vifaa zipo?
3. Ni mitindo ipi iliyoshonwa mwaka jana bila kuagizwa, na ni nani aliyeamua ishonwe?