SOMO LA BIOLOJIA: SIGARA NA UZITO WA MWILI



Katika namba hii sisi wa kikundi cha Biolojia tunapenda kujibu ulizo moja linalotolewa mara nyingi ndani ya darasa, na zaidi inje, kwenye uwanja wa mupira: ni kweli sigara inakondesha mutu? Mumoja anasema: "Tazameni wale wababa wanaobeba mizigo sokoni, wanavuta tangu asubui na tumbo hawana." Mwingine anajibu: "Mujomba wangu aliacha sigara, sasa suruali zote zimemukataa." Kila mumoja anafikiri ameshinda mabishano.

Kanuni za shule zinakataza sigara, kila mutu anazijua, na haiko kazi yetu hapa kuzirudilia. Tunataka kuangalia namna mwili unavyofanya. Na tuseme ukweli tangu mwanzo: wale wanaosema sigara inapunguza uzito hawasemi uongo. Waganga waliopima watu wengi katika inchi mbalimbali wameona kwamba, kwa wastani, muvutaji ana upungufu wa kilo 3 mpaka 5 kuliko mutu wa umri wake asiyevuta. Wanasema kweli, lakini ni nusu ya mambo. Nusu ingine njo hii tunayotaka kueleza.

NJAA INAYONYAMAZISHWA

Ndani ya jani la tumbako muna kitu kinachoitwa nikotini. Ni ile ile, ikiwa ndani ya sigara ya duka, ndani ya kiko cha muzee, au ndani ya unga ambao mama wazee wananusa. Moshi ukifika mapafuni, nikotini inaingia katika damu na inafika ubongoni kwa muda wa sekunde 10 mpaka 20 tu. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoitwa ipotalamusi. Pale njo makao ya njaa na kiu. Mwaka wa 2011 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kwa panya kwamba nikotini inaamusha katika sehemu hiyo seli zile zile zinazoambia mwili: "Tumeshiba." Panya hakukula kitu, lakini ubongo wake umepata habari ya shibe.

Njo sababu watu wanasema "sigara inakata njaa". Mubeba mizigo, muchimba mawe, mulinzi wa usiku, hawa wanajua jambo hili bila kusoma Biolojia. Lakini tuangalie vizuri ni kitu gani kimekatwa. Ni sawa mutu anayekata kamba ya kengele ya shule. Kengele hailie tena, lakini saa imefika. Mwili ungali unahitaji unga, maharagi, sambaza na sombe. Kilichokatwa ni sauti ya kuviomba.

Kuna jambo la pili. Nikotini inaamusha tezi zinazotoa adrenalini, na moyo unaanza kupiga mbio. Mwili unaunguza chakula zaidi hata kama mutu ameketi. Je, zaidi kwa kiasi gani? Mwaka wa 1986 waganga wa Lausanne, Uswisi, waliweka wavutaji 8 ndani ya chumba kilichofungwa, ambamo hewa yote inapimwa. Walikaa saa 24 wakivuta sigara 24, na siku ingine saa 24 bila sigara hata moja. Siku bila sigara mwili wao ulitumia, kwa wastani, kilokalori 2230. Siku ya sigara ulitumia 2445.

Tufanye hesabu. 2445 ukitoa 2230 inabaki 215, ni karibu sehemu moja juu ya kumi. Gramu 100 za unga wa mahindi zinatoa karibu kilokalori 360. Basi 215 ni sawa na gramu 60 za unga kila siku, konzi moja nzuri ya mama anayepika bugali. Konzi hiyo imekwenda wapi? Haikujenga misuli, haikulima shamba, haikupanda mulima. Imeunguzwa bure, kama makala yanayoachwa kuwaka na hakuna sufuria juu yake.

Kwa mutu anayekula mara tatu kwa siku, hasara hiyo haionekane sana. Lakini kwetu kuna watu wengi wanaokula mara moja, na hao njo tunaowafikiria zaidi. Mutu wa namna hiyo akipoteza konzi ya unga kila siku, na zaidi ya hiyo njaa yake imenyamazishwa, mwili unatafuta mahali pengine pa kupata nguvu: unakula mafuta yake, kisha unakula misuli yake. Hapo mulango unafunguliwa kwa kifua kikuu. Inajulikana vizuri kwamba mutu mwenye uzito mudogo anashikwa upesi na kifua kikuu, na tena kwamba muvutaji anakipata karibu mara mbili kuliko asiyevuta. Ule aliyekonda kwa sababu ya sigara anabeba hatari zote mbili ndani ya mwili mumoja. Watu wakimuona wanasema ni kazi ngumu imemumaliza.

Na feza? Sigara hapa zinauzwa moja moja, na kwa hiyo mutu haone anatumia ngapi. Tutarudilia jambo hili katika mazoezi.

NANI ALIFUNDISHA WATU KWAMBA KUKONDA NI FAIDA?

Hapa kwetu mutu akikonda watu wanamuuliza kama ana ugonjwa, hawamusifu. Wazo la kuvuta sigara ili kuwa mwembamba limetoka mbali, na tunajua wale waliolieneza. Tangu mwaka wa 1928 hivi kampuni ya American Tobacco ilitangaza sigara zake za Lucky Strike ikiwashauri watu, na zaidi wanawake, kuchukua sigara mahali pa kitu cha sukari. Watengenezaji wa bombo na peremende walikasirika sana, si kwa ajili ya mapafu ya wanawake, lakini kwa ajili ya biashara yao. Kisha mwaka wa 1968 kampuni ya Philip Morris ilitoa sigara za wanawake zinazoitwa Virginia Slims. Lile neno la pili katika Kiingereza linaleta wazo la wembamba. Jina lenyewe linafanya kazi ya muuzaji. Hatujui kama wale wauzaji walisoma juu ya ipotalamusi, lakini walijua kuuza.

TUMBO NA SUKARI

Sasa tufike kwenye nusu ile ingine. Kupima uzito peke yake hakutoshe kujua kama mwili ni muzima. Tuseme kuna wababa wawili, wote wana urefu wa metre 1,70 na kilo 65. Mumoja anavuta, mwingine havute. Balansi inasema wako sawa. Lakini chukueni metre ya fundi wa nguo, muwapime tumbo kwenye kitovu. Waganga wameona mara nyingi kwamba, uzito ukiwa sawasawa, muvutaji ana tumbo kubwa kidogo, na miguu na mikono yake ina nyama kidogo. Mafuta yake yamehamia ndani ya tumbo, katikati ya matumbo na kando ya ini. Kitu kimoja kinachosaidia uhamisho huo ni kortizoli, maji ya tezi ambayo mwili unatoa wakati wa mashaka, sigara inayaongeza.

Mafuta ya pale ni mabaya kuliko mafuta ya mapaja. Hayakae kimya. Yanatoa asidi za mafuta ndani ya damu, na nikotini yenyewe inazidisha kazi hiyo. Misuli ikipata asidi hizo nyingi inaacha kupokea sukari vizuri. Tunakumbuka somo la insulini: inatoka katika kongosho, inabisha kwenye mulango wa seli ili sukari iingie. Kwa muvutaji inabisha, na mulango unafunguka kwa shida. Kongosho inatoa insulini ingine na ingine, mwaka kwa mwaka, mpaka inachoka. Sukari inabaki ndani ya damu. Ugonjwa wa sukari unaanza hivi, bila maumivu yoyote, na mutu anaweza kuwa mwembamba kabisa.

Mwaka wa 2007 waganga wa Uswisi walikusanya uchunguzi 25 uliofanywa katika inchi mbalimbali, watu zaidi ya milioni moja kwa jumla. Walikuta kwamba hatari ya ugonjwa wa sukari kwa wavutaji inazidi ile ya wasiovuta kwa 44 juu ya 100. Kwa wanaovuta 20 ao zaidi kwa siku, ni 61 juu ya 100. Mutu asisome vibaya hesabu hizi! Hazisemi kwamba wavutaji 44 juu ya 100 watagonjwa. Zinasema hivi: kama katika watu 100 wasiovuta 10 wanapata ugonjwa, katika wavutaji 100 watapata karibu 14. Wale wanne wa zaidi, sigara njo iliwaongeza. Pamoja na hayo sigara inapunguza mafuta mazuri ya damu, yale yanayosafisha mishipa, na inaongeza mafuta mabaya. Kwa hiyo moyo unapigwa pande mbili.

Jambo lingine linashangaza: wale wanaovuta sana sana, pakiti moja ao mbili kwa siku, mara nyingi wana uzito kupita wale wanaovuta kidogo. Kama sigara ingekuwa dawa ya kukonda, wangekuwa wembamba kuliko wote. Lakini mara nyingi muvutaji mukubwa ni pia mutu wa pombe, hakimbie, hatembee, na matunda anaona ni chakula cha watoto.

NA YULE ANAYEACHA?

Hapa hatutaki kudanganya mutu. Anayeacha sigara, mara nyingi anaongezeka. Mwaka wa 2012 uchunguzi mwingi ulikusanywa, na wastani ulikuwa hivi: kisha mwezi mumoja kilo 1,1, kisha miezi mitatu kilo 2,9, kisha mwaka muzima kilo 4,7. Lakini wastani unaficha watu. Karibu 16 juu ya 100 walipungua, na 13 juu ya 100 waliongezeka kupita kilo 10.

Turudilie hesabu yetu ya Lausanne. Kilokalori 215 kwa siku, mara 30, ni 6450 kwa mwezi. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina karibu kilokalori 7700. Basi moto ule ukizimika mutu angeongeza karibu gramu 840 kwa mwezi wa kwanza. Ameongeza kilo 1,1. Zile gramu zinazobaki zinatoka kwenye sahani: ulimi umepata ladha tena, pua imefunguka, na kengele ya njaa imepata kamba yake. Kisha mwendo unapungua, maana mwili muzito zaidi unatumia chakula zaidi. Mwishoni mutu anafika karibu na uzito ambao angekuwa nao kama hakuvuta hata siku moja. Sigara ilimukopesha wembamba. Sasa amelipa deni.

Je, kilo hizo ni mubaya kuliko sigara? Katika muji wa Framingham, Marekani, watu wamefuatwa na waganga tangu mwaka wa 1948, na watoto wao tangu 1971. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2013 yanaonyesha kwamba walioacha sigara walikuwa na karibu nusu tu ya hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa waliyokuwa nayo walioendelea kuvuta, hata walipoongezeka uzito. Kwa ugonjwa wa sukari mambo ni magumu kidogo. Uchunguzi mwingine wa Marekani, wa mwaka wa 2018, ulionyesha kwamba hatari inapanda kwanza kwa wale wanaonona kisha kuacha, inafika juu kwa mwaka wa 5 mpaka wa 7, halafu inashuka. Wale ambao hawakuongezeka hawakuona mupando huo. Na hatari ya kufa ilipungua kwa wote, walionona na wasionona.

Kwa hiyo kama baba nyumbani anataka kuacha, kazi ya jamaa ni kwenye sahani kwa ile miezi mitatu ya kwanza. Mukono uliozoea sigara unatafuta kitu: pahali pa mandazi na vinywaji vya sukari apewe papai, karoti, muhindi wa kuchoma. Chai ipunguzwe sukari. Atembee kwa miguu. Na tusimucheke akinona. Wengi wanarudilia sigara kwa sababu ya kuchekwa.

MAZOEZI

1. Uliza bei ya sigara moja sokoni na bei ya kopo moja ya maharagi. Mutu anavuta sigara 5 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 angepata makopo mangapi?

2. Mutu ana metre 1,70. Gawa kilo zake kwa urefu mara urefu. Kati ya 18,5 na 25 uzito unahesabiwa kuwa wa kawaida. Fanya hesabu kwa kilo 50, 65 na 75. Eleza kitu gani hesabu hii haionyeshe juu ya muvutaji.

3. Kwa nini mutu mwembamba anayevuta anaweza kupata ugonjwa wa sukari? Jibu kwa mistari 10, na utumie maneno haya: kongosho, insulini, asidi za mafuta, misuli.

Majibu yaletwe kwa mwalimu wa Biolojia. Yale mazuri yatapigwa kwa mashini katika namba inayokuja, pamoja na majina ya madarasa.

Kikundi cha Biolojia