KIDONGE CHA DHARURA: USINGOJE SIKU ZIPITE



Jioni moja mama mmoja alikuja kwangu, mume wake akiwa kazini zamu ya usiku. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na miezi 8, na hesabu ya siku zake ilikosewa. Jirani alimshauri anywe kinini nyingi za malaria. Alifika masikio yakivuma, mikono ikitetemeka. Ilikuwa siku ya sita. Kidonge cha dharura hakikuweza kumsaidia tena.

Hapa Goma habari za kidonge hicho zinasemwa kwa mnong'ono, na wengi wanadhani ni dawa ya kutoa mimba. Sivyo. Kidonge cha levonorgestreli, miligramu 1,5, kinachelewesha yai lisitoke. Mimba ikiwa imekwisha kushika, hakiiondoi wala hakimdhuru mtoto. Ndiyo sababu tunahesabu masaa: kimezwe upesi, kabla ya masaa 72. Mpaka siku ya tano kinaweza kusaidia, lakini nguvu imepungua. Ukitapika kabla ya masaa 2, meza kingine. Kitanzi cha shaba kina nguvu kupita kidonge. Muganga anakiweka ndani ya siku 5, na kinabaki kukulinda miaka mingi.

Sisi watu wa mashimo tunajua kifua kikuu. Basi mama anayekunywa rifampisini amwambie muganga, maana kidonge kimoja hakimtoshi. Atapewa viwili, ao kitanzi.

Wababa wananiuliza: «Bibi yangu akijua dawa hiyo, hatazoea uhuni?» Ndugu, wanaokuja kuniuliza ni wake zenu, mtoto mgongoni. Kidonge hiki si cha kila siku; kwa kupanga uzazi kuna sindano na njia nyingine, na mnaweza kuja wawili.

Kwa mama ao binti aliyenajisiwa shambani ao njiani, asingoje ruhusa ya mtu. Afike kituo cha afya ao hospitali kabla ya masaa 72, kwani dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi nayo lazima ianzwe ndani ya masaa hayo, kisha anywe siku 28.

Siku zako zikichelewa kupita juma moja, njoo tupime mkojo. Yule mama tulimpima baada ya majuma 3. Alikuwa na mimba. Mume wake amekwisha kumsindikiza kliniki mara 2.