Aliyetoka Gerezani Arudi kwa Nani?

Mtu akiisha kumaliza kifungo chake, lango hufunguliwa, naye huambiwa aende zake. Sheria imemalizana naye. Lakini aende wapi, na nani atakayemfungulia mlango? Swali hilo ndilo lililotufanya tuisome tangu mwanzo hata mwisho riwaya moja ya mapenzi ambayo kwa kawaida tusingeitaja katika ukurasa huu. Jina lake ni Reminders of Him, yaani mambo yamkumbushayo mtu habari za yule aliyeondoka. Aliyeitunga ni Colleen Hoover, mwanamke wa Texas huko Marekani, aliyepata kufanya kazi ya ustawi wa jamii kabla ya kushika kalamu, nayo ilitolewa mwaka 2022. Vitabu vya mama huyu vimeuzwa kwa mamilioni, na wasichana wanaosoma Kiingereza huazimana wao kwa wao. Basi ni afadhali wazazi wajue kilichomo.

Habari yenyewe ni hii. Kenna Rowan, msichana wa miaka 21, aliendesha gari usiku baada ya kunywa pombe, na kando yake ameketi Scotty, kijana aliyependana naye. Gari likapata ajali. Kenna akadhani kijana amekwisha kufa, akaenda zake kwa miguu hali akili zimempotea. Kumbe Scotty alikuwa hai bado, akafa baadaye, peke yake, gizani. Mahakamani Kenna alikiri kosa wala hakujitetea. Akakaa gerezani miaka 5, na humo akajifungua mtoto wa kike wa marehemu, aitwaye Diem, ambaye alichukuliwa na kulelewa na wazazi wa Scotty. Hadithi yaanza siku ile Kenna arudipo katika mji wao, mikono mitupu, akitaka kumwona mtoto ambaye hajapata kumlea hata siku moja.

Kando ya barabara alipofia Scotty pamesimamishwa msalaba mdogo wa mti. Kenna ausimamisha mwendo wa teksi, ashuka, aung'oa. Msomaji Mkristo atashtuka, nasi tulishtuka. Kisha twaambiwa kwamba Scotty mwenyewe hakupenda kabisa alama za namna hiyo njiani, na Kenna alilijua jambo hilo. Lakini mama aliyeupigilia msalaba ule ardhini naye ana haki yake ya kulia. Watu wawili wamlilia marehemu mmoja, na kila mmoja, bila kukusudia, amtonesha mwenziwe kidonda.

Tungependa wasomaji walizingatie jambo moja ambalo riwaya hii yalionyesha vizuri. Mfungwa huwa na jamaa za namna mbili: ile iliyomzaa, na ile aliyoijeruhi. Walio wengi hurudi kwa ile ya kwanza. Hupokewa kwa aibu, pengine kwa manung'uniko, lakini hupokewa. Kenna hana pa kurudi. Mama yake mzazi hakumtunza ipasavyo tangu utoto wake, hata asiweze kumwita mama kwa moyo mweupe. Kwa hiyo yambidi abishe hodi kwa watu wale wale ambao kwa ajili yake wamemzika mtoto wao. Mwandishi angaliweza kuwafanya Grace na Patrick, wazazi wa Scotty, kuwa watu wakali wasio na huruma, nasi tungaliwachukia upesi. Hakufanya hivyo, na kwa hilo twamsifu. Ni watu wema, wampenda mjukuu wao, na wamwogopa mwanamke huyu kama mtu aogopavyo moto uliokwisha kuichoma nyumba yake mara moja.

Katikati yao yupo Ledger, rafiki wa Scotty tangu utoto, mwenye baa, ambaye amekuwa kama baba kwa mtoto Diem. Alivutwa na Kenna kabla ya kumjua ni nani. Hapo ndipo hadithi iwapo ya mapenzi, na hapo ndipo itupunguzapo hamu. Mapenzi yaja upesi mno, yafanywa kwa siri nyuma ya wazee waliomwamini kijana huyo, na kurasa kadhaa zaeleza mambo ya chumbani bila kificho. Kwa msichana wa miaka 14 kitabu hiki hakifai. Mtu mzima ataweza kuzipita kurasa hizo.

Lakini kasoro kubwa kwetu si hiyo. Kenna alikuwa akimwandikia marehemu barua gerezani, na mwishowe barua ya usiku ule wa ajali yafika masikioni mwa wazee. Wafahamu kwamba hakumwacha mtoto wao kwa kusudi, alidhani amekufa. Mioyo yalainika, mlango wafunguka. Nasi tulifurahi, hatuna haja ya kuficha. Tulipokifunga kitabu, hata hivyo, tulijiuliza: je, kama barua ingalisema kwamba kweli alimwacha, kwa woga tu, akijua kwamba bado apumua? Grace angalimfungulia? Tangu kurasa za kwanza msomaji adokezwa kwamba mshtakiwa si mbaya kama adhaniwavyo, na hivyo kusamehe kwampunguzia gharama.

Victor Hugo, katika Les Misérables ya mwaka 1862, hakumpunguzia msomaji gharama hiyo. Jean Valjean atoka baada ya miaka 19, mitano kwa kuiba mkate na iliyobaki kwa kujaribu kutoroka. Ana cheti cha rangi ya manjano kimtangazacho kuwa mfungwa, na nyumba za wageni zamkataa. Askofu Myriel amlaza na kumlisha, naye usiku amwibia vyombo vya fedha. Hakuna barua ya kumtetea: ameiba kweli. Askari wamletapo, askofu asema kwamba vile vyombo alimpa mwenyewe, kisha amwongezea na vinara viwili alivyovisahau.

Mama Hoover hakutaka kumweka Grace mbele ya jaribu la namna hiyo. Huenda aliona kwamba mama aliyefiwa na mwanawe asiombwe mengi kiasi hicho, tena katika kitabu ambacho watu hukinunua wapate kuliona penzi likishinda. Twamwelewa. Lakini kama mwandishi mwenye huruma na macho kama yake angalithubutu kuiandika ile barua nyingine, tungalikesha kuisoma.