Usivuke Mto Kabla Hujasema Jina Lako

SOMO: Mwanzo 32:22-31, 33:1-4



Sisi wa Embu na Meru tumezaliwa katikati ya mito. Ukitoka Embu kwenda Meru unavuka Thuci, unavuka Nithi, mpaka unafika Kathita. Lakini tunavuka tukiwa ndani ya matatu, macho kwenye simu. Hebu jiulize: ni lini mara ya mwisho uliketi kando ya maji ukamwambia Mungu ukweli?

1. Jakobo alibaki peke yake

Alikuwa anaenda kukutana na Esau, kaka aliyemkosea miaka mingi iliyopita. Alivusha wake, watoto na mali yote ng'ambo ya Yaboki, yeye akabaki peke yake. Hapo ndipo Mungu alimpata. Kuna mambo Mungu hawezi kukuonyesha ukiwa kwenye kelele.

2. Alisema jina lake

Zamani baba yake alipomuuliza yeye ni nani, alijibu kwamba ni Esau (Mwanzo 27:19). Sasa usiku, kando ya mto, anaulizwa tena jina. Safari hii anasema ukweli: Jakobo. Baraka ilikuja baada ya kukubali yeye ni nani.

Wapendwa, mimi pia nilikuwa na Esau wangu. Shamba la kaka yangu mkubwa liko chini ya langu, na tunatumia paipu moja ya maji. Kiangazi kilipozidi, nilikuwa nafungua maji usiku kumwagilia nyanya zangu. Asubuhi kwake ni hewa tupu. Akiniuliza, namwambia ati paipu imeziba. Tukanuniana miaka minne, na kila Jumapili mimi niko mbele kanisani, mikono juu.

Siku moja nilifunga, nikaenda kando ya Rupingazi kuomba Mungu ambadilishe kaka yangu. Nikiwa pale nikaangalia yale maji. Yanatoka Mlima Kenya, yanapita karibu na mji wa Embu, yanaingia mto Thiba unaonywesha mpunga wa Mwea, kisha yanaenda Tana. Hakuna mtu wa juu aliyeyatengeneza. Sisi tumeyapokea tu, na kuna mtu huko chini anayangoja. Sikuona maono wala kusikia sauti. Maombi tu yaligeuka mdomoni: "Bwana, mwizi wa maji ni mimi."

3. Alivuka

Jakobo hakujenga nyumba pale Yaboki. Jua lilipochomoza alivuka akichechemea, akaenda kwa kaka yake. Esau alimkimbilia, wakakumbatiana na kulia.

Wangu hakunikumbatia. Nilipomwambia ukweli alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kuja kesho tugawe siku." Leo yeye ana siku zake za maji na mimi zangu. Bado hatujarudi kama zamani, lakini watoto wake wanapita kwangu wakinisalimia.

Angalieni, siwaambii mtoni kuna nguvu. Maji ya Rupingazi hayaondoi dhambi. Ni damu ya Yesu pekee. Mto unakupa tu nafasi ya kunyamaza. Na ukitoka pale bila kwenda kwa uliyemkosea, ulienda kutembea tu, haukuenda kuomba.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

- Ni nani unayemwombea abadilike, kumbe wa kubadilika ni wewe?
- Ni kitu gani umepokea bure, na umekizuia kisifike kwa mwingine?
- Wiki hii utatafuta wapi saa moja ya kukaa na Mungu bila simu?

Tuombe: Baba, tupe ujasiri wa kusema majina yetu mbele zako, na miguu ya kuvuka hata kama tunachechemea. Katika jina la Yesu. Amina.